Rivyu ya digrii ya afya ya mazingira bongo: nyota tatu na nusu, na maelezo yake

Kila matokeo ya form six yakitoka naanza kupigiwa simu na wadogo zangu, wa damu na wa mtaani, na swali ni lile lile, "kaka nimekosa MD (udaktari), nimepangiwa afya ya mazingira, niende au nisubiri mwakani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi nouti za dakika kumi, naandika mara moja, atakayeuliza namtumia hii. Nimeisoma hiyo kozi, chuo cha serikali, jina sitaji, nikamaliza na sasa nipo halmashauri. Kwahiyo naongea kama mteja aliyenunua akatumia, sio muuzaji.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Ukitafuta bongo digrii ya kwanza iliyoandikwa Public Health utahangaika kidogo, kwa sababu hiyo wengi wanaisoma kama masta, yaani mtu ni daktari au nesi tayari ndo anarudi kuchukua MPH, masta ya afya ya jamii. Anayetoka form six na PCB yake (fizikia, kemia, baiolojia) njia iliyozoeleka ni Environmental Health Sciences, miaka mitatu, Muhimbili pale MUHAS wanayo na vyuo vingine kadhaa. Wenzetu Kenya wanayo BSc Public Health yenyewe, mfano JKUAT. Ukilinganisha vitu vinavyofundishwa vinaingiliana sana, ila ya kwetu imeegemea zaidi kwenye ukaguzi, vyoo, maji, nyama, chakula, taka na sheria zake. Ukimaliza mtaani utaitwa bwana afya au bibi afya, uzoee tu mapema.

Tatizo la kwanza la bidhaa hii ni inavyouzwa. Inauzwa kama kifuta jasho cha waliokosa udaktari. Mwaka wa kwanza nusu ya darasa ina sura za msiba, watu wanafuatilia kuhama kozi mpaka wiki ya nne, kuna mwenzetu alishanunua na stetoskopu kabisa. Na wazazi ndo usiseme, mama anawaambia majirani mwanangu anasomea udaktari, ukirudi likizo bibi wa nyumba ya pili anakuletea mguu uliovimba, "mwanangu hebu nitazame huu." Unatazama sasa. Unamwambia bibi shikamoo, mimi ni upande wa kinga, nenda zahanati, anakuangalia kama umemnyima tu.

Basi jua hivi, hutachoma mtu sindano, hutaingia wodini kwa kazi, hutaandika dawa. Kama ulitaka mgonjwa aje analia aondoke anacheka humu hakuna hicho kitu. Kazi yako ikienda vizuri hakuna kinachotokea, ndo matokeo yenyewe hayo, watu hawajaharisha, na hakuna mtu anakuja kukushukuru kwamba ahsante mwaka huu sijaharisha. Wapo wanaoumia sana na hilo, mimi halinisumbui.

Sasa tuje kwenye utamu, maana upo. Epidemiolojia, yaani kuchunguza ugonjwa unawapata nani, wapi na kwanini. Hii peke yake ningelipia ada. Unaanza na daktari John Snow, London mwaka 1854, kipindupindu kinaua watu mtaa wa Broad Street pale Soho, madaktari wakubwa wanasema ni hewa chafu, yeye anapita nyumba kwa nyumba anauliza maji mnachota wapi, anaweka vifo kwenye ramani, anakuta vimejazana kuzunguka pampu moja. Afu kuna kiwanda cha bia karibu na pampu na wafanyakazi wake wamepona, kumbe wanakunywa bia na kiwanda kina kisima chake. Wakang'oa mpini wa pampu. Lekchara wetu alikuwa fundi wa kusimulia ila alituharibia hadithi makusudi, akasema mpini ulivyong'olewa mlipuko ulikuwa umeshaanza kushuka wenyewe, watu walishakufa na wengine wamehama, sasa niambieni mpini ulisaidia kiasi gani? Darasa kimya. Hapo ndo nilianza kuipenda kozi, kwa sababu mtu alipata jibu sahihi karibu miaka 30 kabla mwanasayansi Mjerumani Robert Koch hajamwonyesha dunia bakteria mwenyewe, kwa kuuliza maswali na kuhesabu tu, na bado unafundishwa usimeze hata hadithi nzuri bila kuikagua.

Afu inakuja hesabu yake. Mfano wa darasani, harusini watu 100 wamekula, 80 wamegusa kachumbari na 40 kati yao wameumwa tumbo, 20 hawajaigusa na walioumwa ni 2. Hao wa kachumbari ni asilimia 50, wasioila ni asilimia 10, gawanya, aliyekula kachumbari yuko kwenye hatari mara 5. Rahisi eeh? Ngoja sasa uulizwe kama waliokula kachumbari ndo hao hao waliokunywa juisi ya ukwaju, utaitenganisha vipi, hapo ndo jasho linapotoka. Ila ukishaielewa hiyo, huwezi tena kusikiliza habari za "dawa hii imeponya watu elfu" kama zamani, unauliza tu, na ambao hawakuitumia ilikuwaje?

Bayostati, takwimu za afya, ndo mlango wa sapu, yaani kurudia mtihani. Sio kwamba ni ngumu kihivyo, inafundishwa vibaya. Kwetu tulikuwa tumejazana ukumbi mmoja, projekta inaonyesha nusu ya slaidi, tunakariri fomula ya pi valyu (p-value) bila mtu kutuambia inajibu swali gani, afu mtihani unakuja na stori ndefu unatakiwa uchague mwenyewe kipimo. Watu walisapu kinoma na wengine wakakeri, yaani wakaburuza somo, mpaka mwaka wa mwisho. Ushauri wangu wa bure, usisubiri lekchara, shusha Epi Info, programu ya kuchambua data za afya, ni ya bure, wameitengeneza CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, chukua data yoyote ndogo uchezee. Na KoboToolbox ya kukusanyia data kwa simu, nayo haina gharama ya kukutisha. DHIS2 jifunze hata kuisoma, ndo mfumo ambao takwimu za vituo vya afya nchini zinapita. Sisi chuoni DHIS2 tuliiona kwenye slaidi kama picha ya ndege, na mtu akiajiriwa wiki ya kwanza tu anaulizwa ripoti yake iko wapi.

Mambo ya maji na vyoo nilidhani yatakuwa ya kuchosha, kumbe ndo yana maswali mazito kuliko yote. Mfano unafundishwa choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na chini ya shimo ibaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Unaandika, unapata maksi zako. Afu unaenda fildi Dar, uswahilini, kiwanja ni 20 kwa 20. Hata ukiweka kisima kona hii na choo kona ile ya mshazari, unapata mita 28 na kidogo, na hapo umejifanya hakuna nyumba katikati na jirani hana choo chake, wakati kipo ukutani hapo hapo. Sheria inasema moja na ardhi inasema nyingine, sasa wewe bwana afya mtarajiwa unamwambia nini mama mwenye nyumba? Hiyo ndo kozi nzima kwangu. Huwezi kumwambia hamisha kisima, hana pa kukipeleka, unarudi kwenye klorini, kutibu maji ya kunywa, kunyonya shimo kwa wakati badala ya kulitapisha mvua ikinyesha (na mnajua wanaotapisha vyoo kwenye mvua, tusijifanye hatujui). Kipindupindu kilivyoanza Dar Agosti 2015 kikasambaa nchi nzima, watu walilaumu mama ntilie, wakafungiwa wauza juisi na matunda ya kukata, sawa, lakini ukishapiga hizo mita kwenye kiwanja unaelewa kwamba mama ntilie ni mwisho wa mnyororo tu.

Fildi naipa nyota tano, na hapo nisikilize vizuri maana ndo inatofautisha waliosoma na waliopita. Tulipelekwa kata moja vijijini, unalala kwenye nyumba ya mwalimu, asubuhi unazunguka na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na daftari, kaya zina choo, choo kina mfuniko, kuna kibuyu chirizi cha kunawia, takataka zinakwenda wapi. Wiki ya kwanza tulijifanya wakaguzi, tunaingia na makoti meupe tunahoji, watu wanajibu vizuri, kila nyumba choo kipo kinatumika. Mzee mmoja balozi akatuita pembeni, "wanangu, vueni hayo makoti, kaeni mle, mtaambiwa ukweli." Tukavua. Tulipata uji, tukapata na ukweli, kwamba kuna nyumba choo kimejengwa kizuri na kimefungwa kufuli, ni cha wageni na viongozi wakija, wenyewe wanaenda shambani. Hiyo kitu dodoso lisingeipata hata siku moja. Choo kipo, tiki. Kina mfuniko, tiki.

Machinjioni pia, unafika alfajiri giza, ukaguzi wa nyama, unapasua ini kutafuta minyoo, unachana tezi, unaangalia nyama ya nguruwe kama ina uvimbe wa tegu. Kuna wenzangu walitapika siku hiyo na sasa ndo wako vizuri kwenye hiyo kazi. Unaanza pia kuonja shinikizo la mwenye ng'ombe, maana ukisema ini hili litupwe hiyo ni hela yake inatupwa, na yeye kashika kisu.

Sasa ubovu. Desa, yaani notsi. Tulipewa desa zinazorithishwa, zimefotokopiwa mpaka herufi zimenona, na kwenye sheria za chakula lekchara bado anafundisha TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, inakagua chakula, wakati tangu 2019 TFDA imegeuka TMDA ya dawa na vifaa tiba, na mambo ya chakula yamehamia TBS, shirika la viwango. Mwenzetu mmoja aliinua mkono akasema, akajibiwa "jibu la mtihani ni lililo kwenye notsi." Haya. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 tuliikariri vifungu kama mashairi, hakuna aliyetufundisha kuandika notisi ya kumpa mtu arekebishe kitu au kusimama mahakamani kama shahidi, na hiyo ndo kazi yenyewe ya kila wiki. Nilijifunzia kazini kwa bwana afya mzee ambaye ana diploma tu na ananizidi kwa kila kitu.

Maabara, kipimo cha kolifomu (bakteria wanaoashiria maji yamechafuka) kwenye maji tulikiona kikifanywa na mtu mmoja mbele, sisi tumerundikana nyuma tunasimama kwa vidole. Kipimo cha klorini nilikishika mwenyewe mara ya kwanza fildi, ile ya kuangalia kama bombani imebaki kati ya 0.2 na 0.5 miligramu kwa lita. Risachi ya mwaka wa mwisho nayo, supavaiza mmoja wanafunzi kibao, unatuma sura ya kwanza anarudisha ukiwa umeshasahau uliandika nini, ndo maana risachi nyingi ni "uelewa, mtazamo na mwenendo wa wakazi wa sehemu fulani kuhusu jambo fulani", unabadilisha jina la kata tu. Sio uvivu wa wanafunzi peke yake huo.

Haya, hela na ajira, najua wengi mmeshuka moja kwa moja mpaka hapa. Mkopo wa bodi unapatikana, bumu (hela ya kujikimu) likichelewa mnakula wali maharage na kuazimana, hiyo ni kozi zote. Ukimaliza usajili ni lazima, kuna baraza la wataalamu wa afya ya mazingira kwa sheria ya 2007, bila cheti chao usijisumbue kuomba. Mwajiri mkubwa ni serikali, halmashauri, na nafasi zinatoka kwa mafungu kupitia Ajira Portal na TAMISEMI, zikitoka mnajitokeza umati. Kuna mipakani, bandarini na viwanja vya ndege, kule unakagua vyeti vya homa ya manjano na kupima joto la wasafiri, wengi wanapatamani. Migodini na viwandani wanachukua watu wa usalama na afya kazini, hapo ongeza kozi fupi za OSHA, wakala wa usalama na afya kazini.

Na miradi. Hapa lazima niseme ukweli maana kaka zenu waliomaliza zamani bado wanawadanganya. Zamani mchongo ulikuwa wazi, unamaliza, unaingia mradi wa UKIMWI au malaria kama mtu wa data, mshahara unamzidi bosi wa halmashauri, una na gari la mradi. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada, na Julai mwaka huo huo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa kabisa. Watu ninaowajua, wenye uzoefu na masta zao, walipewa barua ndani ya siku chache na sasa tunagombania nao hizo hizo nafasi za halmashauri. Miradi haijaisha yote, ila mtu akikuuzia kozi hii kwa stori ya magari meupe muulize alimaliza lini.

Upande wa heshima, inategemea wiki. Wiki ya kawaida wewe ni mtu wa vyoo, unataniwa kwenye vikao, mjomba anakuita daktari wa choo mbele ya wakwe. Wiki ya mlipuko wanakutafuta kwa tochi. Marburg, homa kali ya virusi jamii ya Ebola, ilivyotangazwa Kagera Machi 2023, watu 9 wakaugua na 6 wakafa, kazi kubwa ilikuwa ile tuliyokuwa tunaiona ya kuchosha darasani, kuorodhesha kila aliyemgusa mgonjwa, kumfuatilia siku 21, kumtembelea na kumpima joto, afu baada ya mgonjwa wa mwisho kuhesabu siku 42 ndo nchi itangazwe salama, ikatangazwa Juni. Hakuna dawa ya Marburg iliyoidhinishwa, kwahiyo mlipuko ule ulizimwa kwa daftari, simu, viatu, na wahudumu waliokubali kuingia kwenye yale mavazi ya kujikinga. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa na bado haukutoka Kagera.

Kitu kingine ambacho chuoni kwetu kilipitiwa nusu lekcha wakati kilistahili muhula mzima, ni kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Jamani, Tanzania Bara haina tivii, ina redio, wakaunda vikundi vya kusikiliza vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu, wanasikiliza kipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kifua kikuu, afu wanajadili, afu wanaamua wafanye nini, wanaenda kuchimba vyoo. Walishiriki karibu watu milioni 2. Sisi tunafundishwa nadharia za kubadili tabia za maprofesa wa nje, zina mishale na maboksi, na wazee wetu waliofanya kitu chenyewe tunawapa slaidi moja. Nilimuuliza babu yangu akaanza kuimba wimbo wa kampeni, mstari wa pili akasahau, ila choo alichochimba bado anakisifia.

Kwahiyo nyota. Epidemiolojia na fildi tano. Maji na vyoo nne, ningetoa tano kama tungeshika vifaa. Bayostati inavyofundishwa moja na nusu. Desa moja. Ajira mbili kwa sasa hivi, 2019 ningesema nne. Jumla natoa tatu na nusu, na hiyo nusu ni mapenzi yangu tu.

Nani aende? Wewe unayependa kuuliza kwanini mtaa huu wanaumwa na ule hawaumwi, unayeweza kuongea na mwenyekiti wa mtaa, muuza nyama na injinia wa maji siku moja bila kumkosea hata mmoja, na usiyeogopa namba. Nenda, na usiende kama aliyefiwa. Unayetaka udaktari kwa roho yote, risiti (rudia mtihani wa form six) au subiri mwakani, usije kukaa miaka mitatu unachungulia wodi kwa dirisha, nimewaona, wanaumia na GPA zao zinaumia. Kama una diploma ya afya ya mazingira tayari na uko kazini, hii digrii itakufaa kuliko wote, utakuwa unamrekebisha lekchara.

Vya kubeba ukiripoti: laptopu hata ya mtumba ila iwe na ram ya kutosha kufungua SPSS, programu ya takwimu, kalamu nyingi maana dodoso za fildi zinamaliza wino, na gambuti nunua mwenyewe kabisa, za chuo hazitoshi na namba 38 huwa haipo.